Majani Yanapopukutika New York
Matembezi ya wafanyakazi wawili wenye senti chache

Tangu tuliporudi kutoka Marekani, hakuna tawi tulilolitembelea bila kuulizwa swali lile lile: "Haya, habari za semina tumezisoma. Lakini jijini kwenyewe mliona nini?" Swali hili ni la haki, maana sehemu ya nauli yetu ilitoka katika michango yenu. Basi leo tunaacha kidogo habari za mishahara na mikataba, tunajibu. Na mtaona kwamba hata tulipokuwa tukitembea, habari za kazi hazikutuacha.

Tulikuwa wawili. Mmoja wetu ni mfumaji katika kiwanda cha nguo. Mwingine ni mzee wa makamo, mchumaji wa chai tangu ujana wake. Semina ilianza katikati ya Oktoba ikaisha mwanzoni mwa Novemba. Masomo yalikwisha saa kumi jioni, na Jumamosi na Jumapili tulikuwa watu huru. Jambo moja tu lilitubana: posho ilikuwa ya kula, si ya kustarehe. Basi habari tutakazowapa si za mtalii mwenye mfuko mzito. Ni za mfanyakazi anayejiuliza: katika jiji la watu zaidi ya milioni nane, wakati wa majani kupukutika, mtu mwenye senti chache atafanya nini?

Vuli ya kwao na vuli yetu

Sisi tukisema vuli tunafikiri mvua ndogo, jembe na mbegu. Katika nchi za baridi neno hilo hilo hutumiwa kwa majira yaliyo kati ya joto na baridi kali, yaani kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Desemba. Kwetu watu wanapanda, kwao wanamaliza kuvuna. Asubuhi baridi inauma masikio, mchana jua linatoka lakini halichomi, na kila juma usiku unaingia mapema zaidi. Makoti tuliazimwa na wenyeji wetu. La mchumaji wetu lilimfika magotini, na tangu siku ile wanasemina walimwita Jenerali.

Jambo la kwanza la kutazama ni miti yenyewe, na kutazama hakulipiwi. Mwishoni mwa Oktoba majani ya New York huanza kugeuka manjano, kahawia na mengine mekundu kama moto wa tanuri. Mchumaji wetu, ambaye kazi yake ni majani, hakutosheka kuona, alitaka kujua sababu. Tuliuliza, tukaelezwa hivi. Rangi ya kijani katika jani ndiyo inayopika chakula cha mti kwa nguvu za jua. Siku zikifupika na baridi ikaanza, mti huacha kuitengeneza rangi hiyo, nayo hufifia. Hapo rangi ya manjano, iliyokuwamo siku zote ila ilifunikwa, hujitokeza. Rangi nyekundu hutengenezwa wakati ule ule kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani. Kisha mti hujifunga pale kikonyo kinaposhikana na tawi, jani likaanguka, na mti ukalala mpaka baridi ipite.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Kumbe mti nao hupunguza vibarua msimu ukiisha." Tulicheka, lakini yeye hakucheka sana. Alipata kuwa kibarua wa msimu kwa miaka sita kabla chama hakijampigania ajira ya kudumu.

Dada wa hotelini na chombo cha bure

Siku ya tatu, tukiwa ndani ya lifti tunazungumza Kiswahili, mwanamke mmoja aliyekuwa na toroli la mashuka alitugeukia. "Ndugu zangu, hamjambo? Mmetoka wapi?" Kisha akamwinamia mzee: "Shikamoo, mzee." Mzee akajibu, "Marahaba, mwanangu," na macho yake yakang'aa, maana tangu atoke nyumbani hakuna aliyempa salamu hiyo. Dada huyu ni mzaliwa wa pwani ya Kenya. Kazi yake ni kusafisha vyumba, naye ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi wa hoteli. Ndiye aliyetuonyesha jiji kwa bei ya mfanyakazi.

"Msiende kulipa dola nyingi kupanda juu ya majumba," alituambia. "Majumba yamejengwa kwa mikono, na hata kutoka chini yanaonekana. Nendeni kwenye feri."

Feri hiyo ni ile inayovuka kutoka ncha ya Manhattan hadi kisiwa cha Staten Island. Ni chombo kikubwa cha rangi ya machungwa, kinachobeba wafanyakazi asubuhi na jioni, na kinatembea usiku na mchana. Tangu mwaka 1997 abiria halipi nauli. Mwendo ni wa dakika 25 hivi, kama kilomita 8. Ukifika ng'ambo, sharti ushuke, uzunguke, upande tena. Tulikaa upande ambao dada alituelekeza, na baada ya muda mfupi tukaiona ile Sanamu ya Uhuru imesimama majini na mwenge wake mkononi. Sanamu hiyo ni zawadi kutoka Ufaransa, na ilizinduliwa tarehe 28 Oktoba 1886, katika majira haya haya. Karibu yake kipo kisiwa cha Ellis. Humo, kati ya mwaka 1892 na 1954, watu wapatao milioni 12 walikaguliwa macho, mapafu na karatasi zao kabla ya kuruhusiwa kuingia nchini. Wengi wao walikuwa wakulima waliokimbia njaa na dhuluma, na wengi walikwenda moja kwa moja viwandani. Mfumaji wetu alisema kwamba foleni ile ya kukaguliwa aliifahamu vizuri, kwa maana aliipanga mwenyewe langoni pa kiwanda siku ya kwanza ya kutafuta kazi.

Mifupa chini ya jiji

Si mbali na kituo cha feri, kati ya majumba marefu ya serikali, pana mahali ambapo kila Mwafrika akifika New York anapaswa kusimama. Mwaka 1991 mafundi waliokuwa wakichimba msingi wa jumba jipya la serikali walikuta mifupa ya watu. Ilikuwa sehemu ya makaburi ya Waafrika, watumwa na walio huru, waliozikwa nje ya mji wa zamani katika karne ya 17 na ya 18. Watu 419 walifukuliwa, na wataalamu wanakadiria kwamba waliozikwa katika eneo lile lote ni kama 15,000. Karibu nusu ya waliofukuliwa walikuwa watoto. Mifupa ya watu wazima ilionyesha alama za kubeba mizigo mizito kupita kiasi.

Watu wengi hudhani utumwa ulikuwa wa mashamba ya pamba ya kusini peke yake. Sivyo. Watumwa walikuwapo New York pia. Walisafisha misitu, walitengeneza barabara, walipakua meli, nao walikuwa miongoni mwa waliojenga ule ukuta uliouachia jina mtaa wa Wall Street, ambao leo ni makao ya fedha za dunia. Utumwa katika jimbo hilo ulikomeshwa tarehe 4 Julai 1827.

Wananchi weusi wa jiji walipaza sauti, ujenzi ukasimamishwa mahali hapo, na tarehe 4 Oktoba 2003 mabaki yote yalizikwa upya kwa heshima, ndani ya majeneza ya mbao yaliyochongwa Ghana. Leo pana mnara na chumba cha makumbusho, na kuingia ni bure. Tulivua kofia zetu. Mzee alitaja majina ya babu zake wawili kwa sauti ndogo, kama ilivyo desturi kwao, na hatukuona haja ya kumuuliza kwa nini.

Bustani na benchi

Jumapili ya kwanza tulikwenda katika bustani kuu, Central Park. Ni pana ekari 843, katikati ya kisiwa ambacho kipande kidogo tu cha ardhi huuzwa kwa bei isiyosemeka. Hapo ndipo majani yanapoonekana vizuri. Watoto wanayarushiana, wazee wanacheza sataranji, vijana wanapiga ngoma, na wafanyakazi wa bustani wanayafagia wakijua fika kwamba kesho yataanguka mengine.

Bustani hii haikuota yenyewe. Katika miaka ya 1850 maelfu ya vibarua walipasua miamba kwa baruti, wakachimba maziwa, wakabeba udongo na kupanda miti. Na kabla yao palikuwa na watu. Sehemu ya magharibi palikuwa na kijiji kiitwacho Seneca Village, kilichoanza mwaka 1825, ambamo watu weusi huru walinunua viwanja, wakajenga nyumba, makanisa na shule. Mwaka 1857 waliondolewa wote ili bustani ijengwe. Sasa vipo vibao vinavyoeleza habari zao. Tulisoma kila kibao.

Tuliketi kwenye benchi tukala mkate na ndizi tulizonunua njiani. Hapo tulifanya hesabu moja ambayo hatuwezi kuisahau. Kando ya bustani palikuwa na mkahawa wenye ubao wa bei, na juu yake yameandikwa majina ya nchi zilikotoka kahawa: Kenya, Rwanda, Burundi, Ethiopia. Kikombe kimoja, ambacho mtu hukimaliza kabla gari moshi halijafika, bei yake ilizidi ujira wa siku nzima wa mchumaji katika mengi ya mashamba tunayoyafahamu. Hatukukinunua. Lakini tuliiandika bei ile katika daftari, na tumekuja nayo, na tutaitaja siku tutakapokaa mezani na waajiri.

Wanaolipa ili wachume

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba wenyeji wetu walitupeleka nje ya jiji, mwendo wa saa moja na nusu kwa basi, kuelekea kaskazini kando ya mto Hudson. Jimbo la New York ni la pili nchini Marekani kwa mavuno ya matufaha, na moja ya starehe kubwa za watu wa jiji wakati wa vuli ni kwenda mashambani kuchuma.

Ndugu, msidhani tunawatania. Watu wale hulipa. Familia nzima hushuka garini, baba hununua mfuko mtupu langoni, kisha baba, mama na watoto huingia kati ya miti kuchuma matunda kwa mikono yao huku wakipigana picha. Mfuko ukijaa wanarudi nyumbani wamefurahi.

Mchumaji wetu alisimama kimya kwa muda. Miaka 27 amelipwa kwa kilo, na nyapara amesimama nyuma yake na mizani. "Yaani huyu amelipa ili achume?" Tukamwambia ndiyo. "Na hakuna anayempigia kelele?" Tukamwambia hakuna. Hapo akavua lile koti la kijenerali, akaingia mtini. Mikono miwili ilifanya kazi kama cherehani, na katika dakika chache mfuko ulikuwa umejaa. Watoto wa Kizungu walimzunguka wakimshangilia. Alituambia baadaye kwamba ile ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuona kwamba kazi yake, ikifanywa kwa hiari, kwa muda mfupi, na kwa tumbo lililoshiba, ni kazi nzuri.

Lakini nyuma ya uzio, mahali wageni wasipoingia, tuliona ngazi ndefu na wanaume wenye mifuko mizito vifuani. Hao ndio wachumaji wenyewe. Wengi katika mashamba ya sehemu hizo ni watu wa Jamaika na Meksiko, wanaoletwa kwa mkataba wa miezi kadhaa, na kibali chao kinawafunga kwa mwajiri mmoja. Tulisalimiana nao wakati wa chakula. Mjamaika mmoja alituuliza habari za chai, tukamuuliza habari za matufaha, na baada ya dakika kumi tulikuwa tunazungumza kama watu wa shamba moja: mgongo, vidole, mvua, vyumba vya kulala, pesa za kupeleka kwa mama.

Mjue jambo hili. Sheria kubwa ya Marekani ya mwaka 1935, iliyowapa wafanyakazi haki ya kuunda vyama, iliwaacha nje wafanyakazi wa mashamba. Ile ya mwaka 1938 juu ya malipo ya saa za ziada iliwaacha nje pia. Katika jimbo la New York walingoja hadi mwaka 2019. Ndipo ilipopitishwa sheria ya kuwapa haki ya chama, siku moja ya mapumziko kwa juma, na malipo ya ziada baada ya saa 60, kuanzia Januari 2020. Mwaka 2024 kiwango kilishuka hadi saa 56, na kinapunguzwa hatua kwa hatua ili kifike saa 40 mwaka 2032. Miaka zaidi ya themanini kungoja siku moja ya kupumzika! Basi tusiambiwe kwamba sisi peke yetu ndio tuliochelewa, wala tusiambiwe kwamba haiwezekani.

Mlango uliofungwa

Sasa tunafika mahali ambapo mfumaji wetu alishindwa kuzungumza.

Mwenyeji wetu mmoja, mzee aliyestaafu kazi ya treni za chini ya ardhi, alituongoza hadi kona ya barabara mbili katika mtaa wa Greenwich Village. Jengo lenyewe lina ghorofa kumi, nalo leo ni la chuo kikuu, na wanafunzi wanaingia na kutoka na vitabu vyao. Mwaka 1911 ghorofa tatu za juu zilikuwa kiwanda cha blauzi kilichoitwa Triangle. Tarehe 25 Machi, Jumamosi, karibu na saa kumi na moja jioni, wafanyakazi walipokuwa wakijiandaa kwenda nyumbani, moto ulizuka katika mabaki ya vitambaa kwenye ghorofa ya nane. Katika ghorofa ya tisa mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Ngazi ya nje ya kuokolea ilivunjika kwa uzito wa watu. Ngazi za zimamoto zilifika ghorofa ya sita tu. Wasichana walishikana mikono wakajirusha madirishani.

Walikufa watu 146, na 123 kati yao walikuwa wanawake na wasichana, wengi wao wahamiaji kutoka Urusi na Italia. Wenye kiwanda walishtakiwa, na mwezi Desemba mwaka ule ule mahakama ikawaachilia. Mwaka 1914 familia zilizowadai mahakamani zililipwa dola 75 kwa kila roho.

Na wasichana wale walikuwa wamekwisha kuonya. Umbali mfupi kutoka hapo pana ukumbi wa Cooper Union, ambao bado unatumika. Tarehe 22 Novemba 1909 washonaji walikusanyika humo. Viongozi walihutubia saa mbili nzima bila kuamua. Ndipo msichana mshonaji, Clara Lemlich, alipoomba nafasi, akapanda jukwaani, na kwa lugha ya Kiyidi akatoa pendekezo la mgomo wa jumla. Wafanyakazi wapatao 20,000 waligoma wakati wa baridi kali, na viwanda vingi vikakubali kutia saini na chama. Triangle ilikataa.

Baada ya moto jimbo liliunda tume ya kukagua viwanda, na sheria nyingi mpya zikatungwa kuhusu milango, ngazi, majaribio ya kuzima moto na saa za kazi. Mwanamke mmoja aliyeshuhudia moto ule akiwa barabarani, Frances Perkins, mwaka 1933 alikuwa Waziri wa Kazi wa nchi nzima, mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la Marekani.

Tarehe 11 Oktoba 2023 ukumbusho ulizinduliwa mahali pale. Ni utepe wa chuma ulioambatishwa kwenye jengo juu ya vichwa vya wapita njia, umekatwa majina ya wote 146. Chini yake pana bamba jeusi linalong'aa kama maji, na ukiinama unayasoma majina yale yakiwaka mbinguni nyuma ya uso wako mwenyewe. Mfumaji wetu aliinama akasoma, majani makavu yakipita miguuni pake. Alipoinuka aliuliza jambo moja tu: "Mlango wa nyuma wa kiwanda chetu, ufunguo wake anao nani?"

Hatukuweza kumjibu. Ni mlango ambao tumeupita kila siku.

Siku ya wafanyakazi ya Septemba

Yule mzee wa treni alitupeleka pia Union Square, uwanja wenye soko la wakulima mara nne kwa juma. Vuli huwa umejaa maboga, matufaha na asali. Jina la uwanja halikutokana na vyama vya wafanyakazi, limetokana na muungano wa barabara mbili. Hata hivyo wafanyakazi wameufanya wao.

Jumanne, tarehe 5 Septemba 1882, vyama vya New York viliitisha maandamano ya kwanza ya Siku ya Wafanyakazi. Haikuwa sikukuu. Aliyetaka kuandamana alipoteza ujira wa siku nzima. Asubuhi watu walikuwa wachache na watazamaji walicheka, hata wengine wakashauri jambo liachwe. Ndipo wakatokea masonara kutoka mji wa Newark pamoja na bendi yao ya muziki. Vyama vingine vikafuata, kundi baada ya kundi, na safu zilipopita Union Square waandamanaji walikuwa kama 10,000. Walidai siku igawanywe sawasawa mara tatu: kazi, usingizi, na saa za mtu mwenyewe. Baadaye walikwenda na wake zao na watoto bustanini, wakala na kucheza hadi usiku. Mwaka 1894 sheria ya nchi ikaifanya Jumatatu ya kwanza ya Septemba kuwa sikukuu.

Mzee alituambia: "Watu hudhani mapumziko tulipewa. Hapana. Tuliyanunua, na tulilipa kwanza."

Jumapili ya mbio

Mengine tuyapitie upesi. Usiku wa tarehe 31 Oktoba tuliona watoto wamevaa kama mizimu wakiomba peremende mlango kwa mlango, na katika Greenwich Village watu wazima wakiandamana kwa vinyago na ngoma. Tulipita mbele ya Umoja wa Mataifa, kando ya mto. Humo, tarehe 25 Oktoba 1971, China ilirudishiwa kiti chake kwa kura nyingi za nchi zetu za Afrika, na Salim Ahmed Salim, balozi wa Tanzania, alikuwa mmoja wa waliolipigania jambo hilo. Alhamisi ya nne ya Novemba, sikukuu yao ya shukrani, hupita maandamano makubwa ya maputo. Yale yalianza mwaka 1924, na wafanyakazi wa duka la Macy's ndio walioandamana wamevaa mavazi ya michezo. Sisi tulikuwa tumekwisha kuondoka.

Lakini Jumapili ya kwanza ya Novemba hatukuikosa. Usiku wake, inapotimia saa nane, saa zote hurudishwa nyuma hadi saa saba, kwa hiyo kila mtu hupata saa moja zaidi ya usingizi. Asubuhi ndiyo siku ya marathoni. Mwaka 1970, zilipoanza, waliofika mwisho walikuwa 55 tu. Siku hizi wanakimbia zaidi ya 50,000. Wanaanzia darajani Staten Island, wanapita sehemu zote tano za jiji, na kumaliza kilomita 42 na ushee ndani ya Central Park. Kutazama ni bure.

Tulisimama Brooklyn pamoja na dada wa hotelini, ambaye siku ile ilikuwa zamu yake ya kupumzika, kama mkataba wa chama chake unavyosema. Alikuja na chupa ya chai ya maziwa na mandazi. Alitukumbusha kwamba Mkenya Ibrahim Hussein alishinda hapa mwaka 1987, Mwafrika wa kwanza. Kwamba Juma Ikangaa, mwanajeshi wa Tanzania, alishinda mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya katika njia ile. Na kwamba Tegla Loroupe, mwaka 1994, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuzishinda. Walipopita wakimbiaji wa mbele, wembamba, miguu haigusi ardhi, dada alipiga vigelegele na barabara nzima ikageuka kumtazama.

Baada ya mabingwa wakaja watu wa kawaida: mpishi, mwalimu, dereva, muuguzi. Walipita kwa saa nyingi. Nyuma yao kabisa wakaja wafagiaji wa jiji na mifagio yao, wakikusanya maelfu ya vikombe vya karatasi pamoja na majani makavu. Mzee wetu aliwapigia makofi kama alivyowapigia wakimbiaji. Mmoja wao akainua mkono.

Tulichorudi nacho

Ndugu wafanyakazi, hayo ndiyo tuliyoyaona. Hatukupanda juu ya jumba refu wala hatukuingia katika maduka ya vioo. Tulikuja na vitu vitatu mfukoni: jani moja jekundu lililokaushwa ndani ya kitabu, bei ya kikombe kimoja cha kahawa, na swali moja.

Jani limebandikwa katika ofisi ya chama, njooni mlione. Bei ya kahawa imepelekwa kwa kamati ya majadiliano. Swali tunawaachia ninyi. Kesho mkiingia zamu, kabla hamjashika mashine, tembeeni hadi mlango wa dharura wa kiwanda chenu, au wa ghala la chai, au wa bweni la vibarua. Usukumeni. Kama unafunguka, vema. Kama umefungwa, ulizeni ufunguo anao nani, na jibu mliandikie tawi lenu siku ile ile.

Mfumaji wetu amekwisha kufanya hivyo. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na kufuli lilikuwa limeshika kutu. Lilikatwa siku ya nne, baada ya zamu mbili kukataa kuanza kazi.